Mbata yenye ukungu isiingie kinuni

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika vilima vya Pugu na kuenea hadi bonde la mto Ruvu, uani mwa nyumba nyingi za wilaya za Kisarawe na Kibaha hutokea jambo ambalo wengi huliona dogo. Nazi zilizopasuliwa jana zimeanikwa juu ya jamvi. Wingu likitanda, jamvi hukunjwa mbio likaingizwa ndani. Jua likichungulia, jamvi hutolewa tena. Baada ya siku tatu au nne za pilikapilika hizo nyama ya nazi huanza kuteleza kwa ute, kisha huvaa madoa ya kijani, ya manjano na meusi. Mwenye mali huyafuta madoa kwa kitambaa, akaichanganya mbata hiyo na ile iliyokauka vema, na wote wawili, yeye na mnunuzi wake, huhesabu kwamba hasara imeepukwa.

Hasara hiyo haikuepukwa. Imehamishwa kutoka katika mfuko wa mkulima na kupelekwa katika ini la mlaji, naye mlaji huyo mara nyingi ni mtu wa kijiji hicho hicho, au mtoto wa shule anunuaye maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta yaliyokamuliwa jirani. Maofisa wa wilaya hizi mbili, walimu na viongozi wa Chama hawana budi kulitazama jambo hili upya. Usafi wa mafuta ya nazi hupatikana au hupotea katika siku mbili tatu za kwanza baada ya nazi kupasuliwa, na hakuna kinu, chujio wala chupa nzuri iwezayo kuurudisha ukishapotea.

Inafaa kulisema hili sasa kwa sababu mafuta ya nazi yamepanda hadhi. Kwa miaka mingi yalidharauliwa. Mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yalijaa madukani, wataalamu wa lishe wakawaonya watu juu ya mafuta yanayoganda, na bibi aliyeendelea kupika mafuta ya nazi jikoni mwake alionekana mtu wa zamani. Leo mambo yamegeuka. Chupa ndogo iliyoandikwa kwamba ni mafuta asilia, yasiyosafishwa kiwandani, hutafutwa mjini Dar es Salaam kwa chakula, kwa ngozi na kwa nywele, na vikundi vya akina mama vimeanza kuyakamua kwa ajili ya soko hilo. Hili ni jambo jema. Nchi ambayo kwa miaka mingi imeagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka ng'ambo haina haki ya kuudharau mnazi uliopo uani.

Aidha, wananchi wa Kisarawe wana sababu yao wenyewe ya kuuenzi mti huo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 walielezwa habari za utajiri wa mafuta ya mbono. Kampuni kutoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, ili ipande mbono kwa ajili ya nishati ya magari ya ughaibuni. Kufikia mwaka 2011 kazi ilikuwa imekwama na vibarua wameachishwa. Mnazi haukumwomba mtu ardhi ya vijiji 11. Kila mmoja una mwenyewe, na jina la mwenyewe linajulikana.

Lakini lazima isemwe wazi ni nazi zipi zinazokamuliwa. Nazi kubwa, nzima, yenye maji yanayolia ikitikiswa, mara nyingi haikai kijijini. Hupakiwa juu ya lori kwenda masoko ya Dar es Salaam, maana mpishi wa mjini anataka tui. Zinazobaki ni zile alizozikataa mchuuzi, yaani zilizopata ufa zilipoanguka, zilizoanza kuota hata zikawa na joya ndani, na zilizolala chini ya mti wiki kadhaa kwa kukosa mkwezi na mwokotaji. Hizo ndizo zinazotengwa kwa mafuta. Kwa hiyo kazi yenyewe huanza na mabaki, na anayeanza na mabaki anahitaji uangalifu mkubwa kuliko yule aliyeanza na mali bora. Katika hali ilivyo, yeye ndiye asiyefundishwa.

Nazi isiyo na ufa ni ghala la ajabu. Makumbi na kifuu vimeilinda nyama yake hata vijidudu vya kuozesha havina njia ya kuifikia. Panga likishapita, mlinzi huyo ameondoka. Karibu nusu ya uzito wa nyama mbichi ni maji; imo sukari, imo protini, na joto la Pwani ni lile lile linalopendwa na bakteria na ukungu. Mbegu zao huletwa na mkono usionawiwa, na panga lililochimbia muhogo, na vumbi la uani, na kuku anayepita juu ya jamvi. Wakaushaji stadi wa mbata hufuata kanuni moja iliyo rahisi kuitamka na ngumu kuitimiza wakati wa masika: katika saa 24 za kwanza maji yashuke kutoka asilimia 50 hadi kama 35, siku ya pili yakaribie 20, na mwisho yafike 6. Mbata iliyofika hapo huvunjika kwa mlio ikikunjwa. Ile inayopinda kama ngozi ya ngoma iliyoloa bado ni mali ya ukungu.

Miongoni mwa kuvu wanaoipenda mbata ya namna hiyo yumo Aspergillus flavus, mwenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, ambaye hutengeneza sumukuvu. Sumu hii ilianza kujulikana Uingereza mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Afrika Mashariki haikuhitaji kujifunza kwa batamzinga. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 maafa ya aina hiyo yaliingia Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka haanguki mbele ya watu. Huja kupatwa na saratani ya ini uzeeni, au kabla ya uzee, na hakuna wa kuukumbuka ukungu wa zamani.

Baada ya msiba wa 2016 serikali ilianzisha mradi mkubwa wa kupambana na sumukuvu, na mradi huo ulielekezwa kwenye mahindi na karanga. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa hicho ndicho chakula cha wengi. Hata hivyo umeacha dhana katika maofisi kwamba sumukuvu ni balaa la mikoa ya bara, na kwamba Pwani, kwa kuwa inakula muhogo na wali, imepona. Kuvu hana habari za mipaka ya mikoa. Anatafuta maji, joto na chakula, na vyote vitatu anavikuta juu ya jamvi la Maneromango au la Mlandizi.

Wako watakaosema kwamba mafuta hayaozi. Usemi huo una ukweli nusu. Vijidudu haviwezi kuzaliana katika mafuta yasiyo na maji, na ndiyo maana chupa ya mafuta yaliyokaushwa vema hukaa miezi mingi. Lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa katika mbata hukamuliwa pamoja na mafuta. Haiuawi kwa moto wa jikoni, na haitoki kwa kufutwa na kitambaa. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa katika mahindi kwa viwango vya Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Hakuna jicho linaloweza kuona kiasi hicho. Viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta huyachemsha pamoja na dawa kali za jamii ya magadi na kuyapitisha katika udongo maalumu, na kazi hiyo huondoa sehemu kubwa mno ya sumu. Kikundi cha kijijini hakifanyi hivyo, na chupa yake inajisifia kwamba haikufanyiwa hivyo. Mnunuzi wa mjini anayelipa zaidi kwa neno asilia amelipia kuondolewa kwa ngome ya mwisho. Ngome ya kwanza, yaani ukaushaji, ndiyo pekee iliyobaki.

Njia za kuyatoa mafuta katika nazi hazifanani kwa hatari zake. Njia ya wazee ni ya jungu. Nazi hufuliwa, hupasuliwa na kukunwa juu ya mbuzi siku hiyo hiyo, tui hukamuliwa kwa kifumbu, kisha huchemshwa taratibu hadi maji yote yaishe na mafuta yaelee juu ya masazo yaliyokaukia chini. Ni kazi ngumu, hula kuni, na sehemu nzuri ya mafuta hubaki katika machicha. Kwa sababu hizo wataalamu wengi waliipuuza. Lakini kwa upande wa vijidudu njia hii ina akili kubwa: nazi haipewi nafasi ya kuota ukungu, na moto wa saa kadhaa huua bakteria wote waliotoka mikononi na hufukuza maji. Kasoro yake huja mpishi anapoepua mapema, maji kidogo yakabaki, na baada ya wiki chache mafuta yakanuka uvundo na kuwasha koo.

Njia ya pili ni ya kinu. Zamani katika miji ya mwambao alikuwapo ngamia aliyefungwa kitambaa machoni akakizungusha kinu mchana kutwa. Leo iko mashine ya kukamua ya umeme au ya dizeli. Kinu kinatoa mafuta mengi kwa muda mfupi, lakini kinadai mbata kavu, na hapo ndipo ulipo mtego. Kijiji kilichonunua kinu kabla ya kupata mahali pa kukaushia kimenunua njia ya haraka ya kugeuza ukungu kuwa mafuta. Jungu la bibi, kwa kijiji kama hicho, ni salama kuliko mashine ya mamilioni. Jambo hili halifurahishi kulisema mbele ya wafadhili, lakini ndivyo lilivyo.

Njia ya tatu ndiyo mtindo wa siku hizi. Tui huachwa kwenye ndoo siku moja au mbili lichachuke, mafuta yajitenge yenyewe bila moto, na chupa iandikwe kwamba mafuta hayakuguswa na joto. Wanaoisifu njia hii hawana budi kujua kwamba moto uliokuwa ukiwalinda umeondolewa, na kila kitu kimewekwa juu ya usafi wa maji, wa ndoo, wa kitambaa na wa mikono.

Kisiwa cha Java kinaweza kuwasimulia watu wa Pwani. Huko maskini walizoea kutengeneza chakula kiitwacho tempe bongkrek kwa kuyachachusha machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa. Mara nyingi kilikuwa chakula cha kawaida. Lakini uchachushaji ulipoharibika iliingia bakteria moja ambayo, ikistawi katika machicha ya nazi, hutoa sumu inayoua katika muda wa siku moja au mbili. Mamia ya watu walikufa kwa miongo kadhaa, hata serikali ya Indonesia ikakipiga marufuku chakula hicho mwaka 1988. Sumu hiyo hiyo ndiyo iliyopatikana Msumbiji, mpakani mwa nchi hii, Januari 2015, watu 75 walipokufa katika eneo la Chitima, mkoani Tete, baada ya kunywa pombe iliyopikwa kwa unga wa mahindi ulioharibika. Visa hivi havimaanishi kwamba ndoo ya tui ya Kisarawe ina sumu hiyo. Vinamaanisha kwamba machicha yaliyolala usiku kucha katika joto yasipelekwe tena jikoni, na kwamba mtu anayefanya biashara ya kuchachusha nazi anastahili kufundishwa kwa uzito ule ule anaofundishwa mkunga.

Ukiulizwa kwa nini mkulima hakaushi vizuri, maofisini jibu la haraka ni kwamba hana elimu. Jibu hilo linamwonea. Apewe mizani ahesabu mwenyewe. Kilo 100 za nyama mbichi ya nazi, zikikaushwa hadi asilimia 6 ya maji, hubaki kama kilo 53. Zikiishia asilimia 12, mahali ambapo kuvu bado anafurahi, hubaki karibu kilo 57. Mnunuzi analipa kwa kilo na haulizi habari ya maji. Basi mkulima aliyekesha akigeuza mbata yake, aliyetumia vifuu vyake kwa moto na kupoteza siku mbili zaidi, anapokea malipo ya kilo 53. Jirani yake mvivu anapokea malipo ya kilo 57, nne zikiwa maji matupu. Soko la namna hii linamtoza faini mwadilifu. Semina hata ziwe kumi hazitashinda mizani inayofundisha kinyume chake kila siku ya gulio.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni bei. Halmashauri zinazo sheria ndogo za ushuru wa mazao; hazishindwi kutunga moja ya ubora wa mbata. Mbata inayovunjika na nyeupe ipate bei yake. Inayopinda irudishwe ikakauke. Na yenye madoa isiingie kabisa katika kinu cha mafuta ya kula. Hapo patatokea malalamiko ya haki: maskini hawezi kutupa gunia zima. Asilitupe. Mafuta ya nazi ndiyo mama wa sabuni nzuri. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo hutoa sabuni ngumu, yenye povu hata katika maji ya chumvi ya visima vya Pwani. Mbata mbovu itengwe, iwe na bei ya chini inayojulikana, na ikamuliwe siku ya mwisho ya juma kwa ajili ya sufuria ya sabuni, kisha kinu kisafishwe. Mashudu yake yachomwe.

Neno mashudu halina budi kusisitizwa hasa Kibaha, wilaya yenye wafugaji wengi wa kuku na ng'ombe wa maziwa. Mbata yenye sumukuvu inapokamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika mashudu. Kuku anayelishwa hayo hudumaa na hupunguza mayai, na mfugaji humlaumu muuza vifaranga. Ng'ombe akiyala, sumu huibadili sura na kutokea katika maziwa, na maziwa hayo hupewa mtoto.

Jambo la pili ni mikopo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafuta kikiomba, kwanza huomba mashine, na ofisi hupenda kutoa mashine, kwa kuwa mashine hupigwa picha na mgeni rasmi hukata utepe mbele yake. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kualikwa kufungua uchaga wa kukaushia. Lakini uchaga wa mirunda ulioinuliwa kutoka ardhini, wenye paa la nailoni linalopitisha jua na tanuri dogo la vifuu chini yake kwa siku za mvua, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine. Itumike vifuu na si makumbi mabichi, maana moshi mzito nao huacha sumu yake juu ya mbata. Moto wa vifuu utauokoa pia msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao umekwisha kuchangia jikoni za watu zaidi ya uwezo wake.

Vyombo vya kuisimamia kazi hii vipo tayari. SIDO iliundwa mwaka 1973 na Shirika la Viwango mwaka 1975, na tangu 2019 usalama wa chakula umewekwa chini ya Shirika hilo. Afisa wa viwango anayekagua chupa na lebo akashuke pia hadi kwenye jamvi. Mikocheni, ambako Mradi wa Taifa wa Minazi ulianza mwaka 1979, kuna elimu nyingi juu ya miche na magonjwa ya minazi. Elimu juu ya nazi iliyokwisha kupasuliwa nayo ipewe watu na fedha. Shirika la Elimu Kibaha, lililozaliwa katika mradi wa nchi za Nordiki wa 1963 na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, lina chuo cha maendeleo ya wananchi kilichokusudiwa tangu mwanzo kumfundisha mtu mzima kazi ya mikono. Na makada wanaopita katika Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa hapo hapo Kibaha mwaka 2022, hawatapungukiwa itikadi wakitumia alasiri moja kutazama mbata inavyokaushwa.

Walimu wa sayansi wa Minaki na wa shule nyingine za wilaya hizi wanaweza kuanza hata kabla ya waraka wowote. Mizani ya maabara iko kabatini. Wanafunzi wapasue nazi tano, waipime nyama yake kila asubuhi na jioni kwa siku sita, nusu ikiwa juani juu ya jamvi na nusu juu ya uchaga, na waandike uzito ubaoni. Siku ya wazazi ubao huo uachwe bila kufutwa, na vipande vyenyewe vya mbata viwekwe mezani chini yake, kila kimoja na namba yake.